Boila Iliyozima Kila Jumapili

Yule kijana mwenye kofia ya kijani aliyeniuliza juzi pale ukumbini, kwamba boila ya gesi inayowaka na kuzima unaanza kuitengeneza wapi, nilimjibu kwa mkato: "Unaanzia mezani, ukiwa umekaa." Wenzake wakacheka. Yeye akaandika kwenye simu yake, halafu akafuta, nilimwona. Alitaka nimtajie kipuri. Basi leo nimekaa niandike jibu lote, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mnaosomea ufundi huu hapa Brussels, maana nikiwaacha na jibu la mkato mtakuja kuua mtu. Sitii chumvi.

Mimi ni Hamisi, mtu wa Ujiji, Kigoma. Mke wangu ni Mkongo wa Uvira. Tulioana akiwa mkimbizi kwetu, yeye akapata njia ya kuja Ubelgiji, nikamfuata. Kwetu nilikuwa fundi wa mashine za kusaga. Hapa nikajifunza boila, nikazitengeneza miaka kumi na minane, mpaka magoti yaliponiambia basi. Wakongo wananiita Papa Rehema, kwa jina la binti yangu mkubwa, na nyie mnaweza kuniita hivyo hivyo.

Aliyenifundisha ni Mbelgiji mmoja anaitwa Roger, mzee mwenye tumbo lililomtangulia kila mlango. Nilizunguka naye miaka miwili. Jamani, mwanzoni nilimdharau yule mzee! Tukiingia nyumba ya mtu, boila imekufa, watu wamevaa makoti sebuleni, yeye anavua kofia, anavuta kiti, anasema, "Kahawa kwanza." Haombi, anatangaza. Kisha anakunywa taratibu, anauliza habari za mbwa, habari za mama mkwe, na mimi nimesimama na mkoba wa vifaa najiuliza huyu mtu analipwa kwa kazi gani.

Siku moja tulikuwa Uccle, mtaa wa wenye nazo, kwenye nyumba kubwa yenye ngazi za kushuka chini kwenye stoo, na huko ndiko boila ilikokuwa. Ilikuwa inazima kila siku asubuhi. Mafundi wawili walishapita kabla yetu, mmoja kabadilisha hiki, mwingine kabadilisha kile. Roger akanywa kikombe cha kwanza. Akanywa cha pili. Nilikuwa nimeshaanza kusonya kimoyomoyo, ndipo binti wa nyumba akapita mbele yetu na taulo mbichi, katoka kuogelea, akashuka chini. Roger akanitazama tu. Tulipomfuata tukakuta ameianika taulo juu ya boila, imefunika matundu yote ya kuingizia hewa, na boila bila hewa ni sawa na mtu aliyezibwa pua. Tuliondoa taulo, tukapanda juu, Roger akaomba kikombe cha tatu.

Kwenye gari aliniambia maneno ambayo niliyasikia kwa sikio moja. "Mashine ukiifikia wewe, Hamisi, imeshanyamaza. Watu wa nyumba ndio walioisikia ikilia. Kaa nao."

Mimi nilikuwa na pupa. Nilipopewa gari langu peke yangu nilitaka kuonyesha kwamba mtu mweusi anaweza kumaliza nyumba nane kwa siku bila kuketi hata moja. Na nilikuwa mjuaji, msifikiri mnaujua ujuaji nyie. Kuna binti wa Kikenya, mwanafunzi, alikuwa amepanga chumba juu ya duka la viatu Chaussée d'Ixelles. Boila yake inawaka sekunde tano, inazima. Nikaifungua yote. Nikasugua kile kijiti kinachonusa moto, ambacho kikiingia masizi boila inadhani haujawaka nayo inafunga gesi. Nikapima umeme. Saa mbili nzima. Binti kakaa kitandani na blanketi ananitazama, mwishowe akasema kwa adabu, "Fundi, kwani hii mshale ikiwa kwa zero ni sawa?" Nikageuka. Mshale wa presha ya maji ulikuwa umelala kwenye sifuri. Boila haina maji! Nilifungua bomba la kujazia, mshale ukapanda mpaka katikati ya moja na mbili, ikawaka. Nikamwambia, "Ndiyo, hatua iliyokuwa inafuata ilikuwa hiyo." Hakuniamini hata kidogo, na mpaka leo nikipita pale natembea upande wa pili wa barabara.

Hayo ni makosa ya kuchekesha. Nimeanza nayo kwa sababu lile jingine nimelibeba muda mrefu na bado naogopa kulitua.

Lilianzia kwenye koti langu. Mchana mmoja nilikula kwa rafiki Mkongo pale Matonge, mtaa wa Wakongo hapa mjini. Tulikula makayabu, yule samaki wa chumvi ambaye Wakongo wanamloweka usiku mzima ndipo wanamkaanga na vitunguu na nyanya. Chakula kitamu, lakini harufu yake ikiingia kwenye nguo haiombi ruhusa. Kutoka hapo nikaenda kwa mteja Uccle. Yule bibi hakusema neno baya. Alinusa, akafungua dirisha nyuma yangu, baridi yote ile ya Januari, akaniuliza kwa tabasamu kama nimetoka sokoni. Nilifanya kazi masikio yanawaka moto. Nikaapa moyoni: kuanzia leo, kwa Waafrika wenzangu siketi, sili, nafanya kazi naondoka. Na ona nilivyokuwa mjinga, kule Uccle kwenyewe nikiendelea kupewa kahawa na biskuti nilikuwa napokea, nasema merci madame.

Sasa niwaambie habari za Maman Faida.

Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mjane kutoka Bukavu, amepanga ghorofa ya chini Schaerbeek, kwenye mtaa ambao tram inapita mpaka vikombe vinagongana kabatini. Bintiye Faida alikuwa anaishi Liège. Boila yake ilikuwa ya zamani, imetundikwa jikoni, moshi wake unapanda kwenye bomba la nyumba, na hewa ya kuwakia inaichukua humo humo jikoni. Boila za aina hiyo nyie mtazikuta chache, zinaondolewa. Penye mdomo wa bomba la moshi zilikuwa na kidude kidogo kama kifungo cha shati. Moshi ukishindwa kupanda ukarudi ndani, kile kidude kinapata joto, kinaizima boila. Sisi kwenye kampuni tulikiita mlinzi.

Mara ya kwanza niliitwa Jumapili mchana, ilikuwa zamu yangu. Mlango ulipofunguliwa, harufu ya makayabu ikanipokea kabla ya mwenye nyumba. Jikoni madirisha yote yamefungwa. Ile feni iliyo juu ya jiko, ya kuvuta harufu na kuitupa nje, ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote. Chini ya mlango wa uani palikuwa na tundu la kupitisha hewa, limezibwa kwa kitambaa. Na boila imezima, taa nyekundu inawaka. Someni tena hapo, vijana. Ugonjwa wote ulikuwa umepangwa mbele yangu, haikukosekana hata dalili moja.

"Karibu, Papa Rehema, ingia, ingia," akasema. Kumbe alikuwa anamjua mke wangu kanisani. "Ukae kwanza. Makayabu iko karibu kuiva."

"Shikamoo, mama."

Akacheka. "Marahaba. Swahili yenu ya Tanzania inapiga magoti kila fasi! Ukae, nakuambia."

Sikuketi. Nilisimama kizingitini, nikashika kola ya koti langu, nikasema kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, "Mama, harufu hii ikiniingia kwenye koti, kesho sina kazi."

Laiti ningeumwa na jino siku ile nisiweze kusema! Uso wake ulibadilika. "Aah, pardon Papa, pardon, sikujua." Akazima jiko. Akazima feni. Akafungua madirisha mawili na mlango wa uani, akachomoa kile kitambaa kwenye tundu akakisukumia nyuma ya ndoo, aibu imemshika, mtu mzima yule, mkubwa kwangu. Nilimwacha afanye. Jikoni pakawa peupe, baridi, panapita upepo. Nikabonyeza kitufe, boila ikawaka bila tatizo, ikaendelea kuwaka. Nikakaa nayo dakika kumi, nikaandika kwenye fomu: inafanya kazi vizuri.

Alinisindikiza mpaka mlangoni. "Papa, nikuambie kintu moja. Hii chauffage iko inazimika dimanche. Dimanche tu. Lundi mpaka samedi, aucun problème."

Nikacheka. Nikamwambia, "Boila haina dini, mama. Haijui Jumapili."

"Bon," akasema. "Weye ndiye fundi. Miye nasema tu vile naona."

Alikuwa ameniambia: Jumapili tu, Jumatatu mpaka Jumamosi hakuna tatizo. Sentensi moja tu, na jibu zima limo ndani yake. Jumapili baada ya ibada kikundi chake cha maombi kilikuwa kinakutana kwake, watu kumi na wawili hivi. Siku hiyo ndiyo alikuwa anapika makayabu. Jirani wa ghorofa ya juu, mzee wa Kituruki, alishawahi kushuka mara mbili kulalamika harufu, kwa hiyo siku hiyo madirisha yanafungwa, tundu linazibwa, feni inawashwa mpaka mwisho, ili jirani asikwazike. Feni inavuta hewa ya jikoni inaitupa nje. Hewa ya kuingia badala yake hakuna. Basi inavutwa kutoka kwenye tundu pekee lililobaki wazi, ambalo ni bomba la moshi la boila, na moshi, wenye sumu isiyoonekana wala kunuka, badala ya kupanda unashuka ndani. Mlinzi anahisi, anazima. Boila ilikuwa haina ugonjwa wowote. Ilikuwa inamwokoa yule mama kila Jumapili, na mimi nikatumwa nikainyamazishe.

Mara ya pili nilikwenda Jumatano. Alijua nakuja, kwa hiyo hakupika. Madirisha yamefunguliwa tangu alfajiri, tundu safi, jikoni pananukia sabuni. Roger alipostaafu alinipa kioo chake kidogo: unakishika penye mdomo wa bomba la moshi, kikipata ukungu ujue moshi unarudi ndani. Nikakishika. Kikabaki kikavu. Nikaridhika na kioo. Nikasafisha kichomeo, nikafunga mkoba.

"Weye muntu ya Kigoma unakataa samaki?" aliniuliza akinitania nilipokuwa navaa koti. "Sasa sisi bantu ya Bukavu tutafanya je?"

"Siku nyingine, mama. Nina haraka."

"Kila siku uko na haraka. Nani anakufukuza?"

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu iliyofuata. Bosi alishaanza kunung'unika, fundi anayerudi nyumba moja mara tatu anaonekana hajui kazi. Maman Faida aliniambia imezima tena jana, mara nne, watu wanasali na makoti. Nilifanya hesabu ya mjuaji: kioo kikavu, moto mzuri, presha nzuri, basi mbovu ni mlinzi mwenyewe, amezeeka, anazima bila sababu. Kwenye gari sikuwa na mwingine. Nikaagiza. Na kwa siku hizo chache za kusubiri, ili mama asipate baridi, nikachukua kipande cha waya nikaunganisha pembeni, boila isimsikilize mlinzi tena.

Kipande cha waya kifupi kuliko kidole changu. Nilijua ni haramu. Siku ya kwanza kabisa Roger alinishika mkono akaniambia kwamba akinikuta nafanya hivyo ataninyang'anya mkoba. Nilijua, nikafanya, na sababu niliyojipa ilikuwa huruma.

Nikamwambia, "Mama, sasa haitazima tena."

Alishika mikono yangu miwili. "Mungu akubariki, Papa." Akaingia ndani akatoka na makayabu ya jana yake, ameifunga vizuri kwenye karatasi ya fedha, tabaka tatu, halafu mfuko wa plastiki, halafu mfuko mwingine. "Nimefunga sana, haitanusa. Koti yako itakuwa sawa."

Niliupokea ule mfuko. Nikautupa kwenye pipa la kituo cha tram kabla sijafika kwenye gari.

Kipuri nilitegemea Ijumaa. Ijumaa hakikufika. Nilipaswa kwenda kuitoa ile waya na kuifunga gesi, kisha nimweleze. Nikasema ah, Jumatatu.

Jumapili walikuja wale watu wa maombi. Walikuwa wamefunga tangu Ijumaa, wakaja kufungulia kwake. Walikula katikati ya joto, boila haizimi, wakaniombea dua mimi kwa jina. Kichwa kikaanza kuwauma, mmoja akatapika, wakasema ni uzito wa mfungo, tumbo lililokaa tupu likipokea chakula ghafla. Saa kumi wakaagana, kila mtu akatoka nje kwenye hewa na kichwa kikapona njiani, hivyo hakuna aliyewaza tena. Maman Faida akabaki anaosha vyombo, feni inanguruma, madirisha yamefungwa.

Aliyemwokoa ni yule mzee wa Kituruki. Alishuka saa kumi na mbili jioni kwa hasira, maana feni ilikuwa imenguruma muda mrefu kuliko desturi. Akagonga. Akagonga tena. Alimjua yule mama: akigongewa anafungua kabla hujashusha mkono, anaomba radhi, anakupa sahani. Kimya hiki hakukielewa. Akapiga simu zimamoto.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi niliingia ile nyumba mara tatu, na mwenyeji akatolewa kwa machela.

Jumatatu mtaalamu wa ukaguzi alinikuta mlangoni. Bosi alikuwa amenipigia simu akasema niwahi, na sikuuliza niwahi kufanya nini, tulielewana: waya itoke kabla ya ukaguzi. Niliwahi. Lakini mlango ulikuwa na alama ya zimamoto, na yule mzee wa Kituruki alikuwa amekaa kwenye ngazi na viatu vya ndani, macho mekundu, akaniuliza kwa Kifaransa kibovu kuliko changu, "Wewe ndugu yake?" Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo. Basi nikakaa naye hapo kwenye ngazi tukasubiri. Mtaalamu alipofika nikamwonyesha waya nikamwambia ni mkono wangu.

Akafunga madirisha. Akarudisha kitambaa kwenye tundu. Akawasha feni, akawasha boila, akaniomba kioo. Nikampa kioo cha Roger. Hazikupita dakika tatu kikawa cheupe chote kwa ukungu, akanigeuzia nikitazame. Astaghfirullah. Ningekaa nile sahani moja ya samaki siku ile ya kwanza ningeona hayo hayo, bila kioo.

Roger alikuwa hai bado. Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Alikupa kahawa?"

"Alinipa samaki."

"Ulikula?"

Nikamtajia pipa la tram. Mkewe alileta kahawa, ikapoa mezani, hakuna aliyeinywa.

Mambo ya sheria yalikwenda njia yake, kibali changu kilisimamishwa, nilirudi kazini baadaye sana kwa kampuni nyingine. Niliporudi nilikuwa fundi wa nyumba nne kwa siku. Nilikunywa kahawa, nikala sombe, kisamvu chao, nikala ugali wa Kirundi, nikanusa ninavyonuka, na Uccle wakifungua dirisha nikawa nawaambia kwa heshima: ndiyo madame, nimetoka kula kwa watu. Boila za siku hizi zinaandika kwenye skrini namba ya ugonjwa wao, na nyie mnaamini ile namba. Iheshimuni, lakini haitawaambia mama mwenye nyumba anazibia nini mlango na kwa nini anaona aibu. Hilo utaambiwa ukikaa. Na mlinzi akizima, anayestahili kuhojiwa wa kwanza ni wewe uliyekuja kumlaumu.

Hapo ningeweza kuishia. Lakini kijana wa kofia ya kijani ataniuliza, mama alipona?

Alipona kutembea. Alipona kucheka. Alikaa hospitali wiki nyingi, wakamtia kwenye chumba cha kusukuma hewa safi damuni, akatoka anazungumza vizuri kabisa. Ya zamani anayakumbuka, Bukavu yake, ndoa yake, ile nyumba ya Schaerbeek, hata boila yake. Lakini tangu siku ile, jambo jipya halikai. Unamwambia, anaelewa, kesho halipo. Faida alihama Liège akaja kuishi naye. Nyumba ina boila mpya inayovuta hewa yake nje moja kwa moja, feni inaweza kunguruma hata mwaka.

Ilinichukua mwezi kupata ujasiri wa kwenda kumwomba msamaha. Nikapiga magoti jikoni kwake, nikamwambia yote, waya na pipa la tram na yote. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Kisha akaweka mkono kichwani kwangu akasema, "Nimekusamehe, Papa. Nimekusamehe mbele ya Mungu." Nilirudi nyumbani nikalala usingizi.

Wiki iliyofuata nikamkuta hajui lolote. "Papa Rehema, hii kichwa yangu kwanini imekuwa hivi? Nani alinifanyia?" Nikapiga magoti tena. Akalia tena, kilio kile kile, upya. Akasamehe tena. Mara ya tatu, ya nne. Mara ya tano Faida alinifuata nje kwenye ngazi. Hakunipigia kelele, ingekuwa afadhali. "Papa, tafadhali, usimwambie tena. Weye unaenda nyumbani mwepesi. Yeye kila mara anavunjika mara ya kwanza."

Basi sijamwambia tena. Ni miaka sasa. Nimesamehewa mara tano na mtu ambaye hajui kama amewahi kunisamehe, na ya sita siruhusiwi kuiomba, wala haitanifaa.

Ninachoruhusiwa ni kwenda kula. Kila Jumapili naenda. Anapika mwenyewe, Faida anamwachia. Makayabu anasahau kuiloweka, inakuja mezani na chumvi yake yote, inachoma ulimi mpaka machozi yanatoka. Daktari wangu wa presha ameshanikataza. Ninamaliza sahani. Yeye anakaa mbele yangu mashavu mikononi anatazama nikila, anafurahi, na kila Jumapili, nikikaribia kumaliza, anauliza lile lile.

"Papa, weye uko fundi ya nini, tena?"

"Boila, mama."

"Ah bon! Alors utanisaidia. Chauffage yangu iko inazimika. Lakini dimanche tu."

Nasukuma sahani pembeni. Nasogeza kiti karibu yake.

"Niambie, mama," namwambia. "Niambie polepole. Siku hiyo mnapika nini?"